Sala Hii Umeitoa Wapi?



Mpendwa kijana mwenzangu, leo naomba tufungue Waraka wa Pili wa Mtakatifu Paulo kwa Wathesalonike. Ni waraka mfupi, sura tatu tu, unaweza kuumaliza ukiwa unasubiri daladala. Lakini ndani yake kuna jambo ambalo ukilisoma leo utadhani Paulo alikuwa anaandika kuhusu magrupu yetu ya WhatsApp.

Wakristo wa Thesalonike walikuwa wameingiwa na hofu. Habari ilikuwa imezagaa kwamba Siku ya Bwana imeshafika. Mwanzoni mwa sura ya 2 Paulo anataja njia tatu ambazo habari kama hiyo inaweza kumfikia mtu: anayedai ameambiwa na Roho, maneno yanayopita mdomo kwa mdomo, na barua inayodaiwa kuwa ya Paulo mwenyewe. Hebu tulia kwenye hiyo ya tatu. Barua yenye jina la mtume, ambayo mtume hakuiandika! Kanisa ni changa kabisa, mitume bado wako hai, na tayari kuna haja ya kuwaonya waamini kuhusu maandishi feki.

Na hofu haikuwa mchezo. Ukiendelea hadi sura ya 3 utakuta kuna watu waliokuwa wameacha kufanya kazi, wanazurura na kujiingiza kwenye mambo ya wengine. Wafafanuzi wengi wa Maandiko wanaunganisha mambo haya mawili: kama mwisho umeshafika, ya nini kuhangaika na kazi? Yaani habari isiyopimwa iliingia kichwani, ikashuka moyoni, ikaishia kuharibu maisha ya kila siku.

Paulo anafanya mambo matatu. Kwanza, anawaomba wasiyumbishwe upesi. Pili, anawarudisha kwenye yale aliyowafundisha alipokuwa nao, na kuwataka washike mapokeo waliyoyapata kwake. Tatu, mwishoni kabisa mwa waraka (3:17), anaandika salamu kwa mkono wake mwenyewe, na kuwaeleza kuwa hiyo ndiyo alama yake katika kila barua. Kwa lugha ya leo tungesema: "Mwandiko wangu mnaujua. Angalieni mwandiko."

Utulivu, mapokeo, mwandiko. Hayo matatu ndiyo nataka tutembee nayo leo tunapozungumzia sala, novena, mifungo na "ujumbe kutoka mbinguni" tunaokutana nao kila siku kwenye simu zetu.

Kuuliza si kukosa imani

Nianze kwa kuondoa wasiwasi mmoja. Kuna kijana anayeogopa kwamba akiuliza "hii imetoka wapi?" atakuwa anamjaribu Mungu. Na kuna mwingine, hasa akishagusa falsafa kidogo chuoni, anayedhani mtu mwenye akili haamini kitu mpaka akione kwa macho yake. Wote wawili wamepotea njia, kila mmoja upande wake.

Katika miaka yangu ya falsafa jambo moja lilinikaa sana: sehemu kubwa ya tunayoyajua tumeyapokea kwa ushuhuda wa wengine. Hivi wewe unajuaje kwamba ulizaliwa tarehe unayoisherehekea? Ulikuwepo, lakini hukumbuki. Ameniambia mama, utasema. Na ulibatizwa ungali mchanga, unajuaje? Kwa sababu parokiani kuna kitabu cha ubatizo, na ndani yake kuna jina lako, majina ya wazazi wako, msimamizi wako, tarehe, na padre aliyekumwagia maji.

Sasa jaribu kwenda kufunga ndoa. Nenda kwa paroko umwambie, "Padre, mimi nimebatizwa, niamini tu." Atacheka, kisha atakudai cheti. Hajakudharau, wala hajakosa imani. Anailinda sakramenti, na anakulinda wewe na huyo unayetaka kumwoa. Ushuhuda mzuri una jina, una tarehe, una mahali, na una mtu anayeweza kuulizwa.

Basi kama Kanisa linakudai cheti wewe mtoto wake, kwa nini wewe usidai cheti cha sala ambayo mtu usiyemjua anakutaka uisali mwaka mzima?

Mwinjili Luka alilielewa hili vizuri. Anapoanza Injili yake (Lk 1:1-4) anaeleza kwamba amefuatilia mambo yote kwa uangalifu tangu mwanzo, akitegemea walioyaona kwa macho. Anamwandikia Theofilo ili ajue kwamba aliyofundishwa ni ya hakika. Roho Mtakatifu alimvuvia Luka, na Luka bado akafanya utafiti. Wewe na mimi ni nani hata tujione tumezidi kiasi cha kutokuwa na haja ya kuuliza?

Usiku mmoja wa usingizi

Mtu anaweza kusema, "Lakini Frateri, sala ni sala tu, itamdhuru nani?" Sikiliza hii.

Kwenye utume wa mwisho wa wiki, dada mmoja wa kwaya alinifuata baada ya Misa, amesawijika. Alikuwa amefiwa na baba yake. Katika kipindi hicho cha majonzi mtu alimtumia kwenye simu zile sala 15 zinazojulikana kwa jina la Mtakatifu Brigita wa Sweden, zikiambatana na orodha ndefu ya ahadi. Mojawapo ni kwamba anayezisali kila siku kwa mwaka mzima, roho 15 za ukoo wake zitatolewa toharani. Ujumbe huo ulisema pia kwamba ukiruka hata siku moja, hesabu inavunjika. Alisali miezi saba bila kukosa. Kisha usiku mmoja akarudi kutoka zamu ya kazini amechoka hoi, akajilaza kidogo, akaja kuamka kumekucha.

Akaniuliza: "Frateri, kwa hiyo baba yangu amebaki huko kwa sababu mimi nilisinzia?"

Hapo ndipo unaona kwamba suala la chanzo si la wasomi peke yao. Moyo wa mtoto aliyefiwa ulikuwa umefungwa kamba na maneno ambayo hakuna aliyeyasaini. Na ukweli ni kwamba Kanisa lilikwisha kuzungumza juu ya ahadi hizo zamani sana. Tarehe 28 Januari 1954, Ofisi Takatifu kule Roma (leo ndiyo Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa) ilitoa onyo kwamba haijathibitika hata kidogo kuwa ahadi hizo zina asili ya kimungu, na ikawataka maaskofu wasiruhusu kuchapwa kwa vijitabu vyenye ahadi hizo. Mtakatifu Brigita ni mtakatifu kweli, alifariki Roma mwaka 1373. Kutafakari mateso ya Bwana ni jambo jema sana. Lakini zile ahadi na zile hesabu hazina cheti.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2111, inatufundisha kwamba mtu akiiwekea sala nguvu kwa sababu tu ya kutimiza vitendo vya nje, akasahau hali ya moyo inayotakiwa, ameshaingia kwenye ushirikina. Jamani, ni neno zito hilo. Ushirikina si hirizi na tunguli peke yake. Hata rozari inaweza kugeuzwa hirizi kama naishika ili kumlazimisha Mungu.

Dada yule nilimwambia hivi: Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo si mhasibu anayekuvizia usinzie. Nikamkumbusha kile ambacho Kanisa linawapa marehemu kwa hakika: Sadaka ya Misa kwanza kabisa, sala, sadaka kwa maskini, na rehema, pamoja na ile rehema kamili ya kuwaombea marehemu inayopatikana kwa kutembelea makaburi kati ya tarehe 1 na 8 Novemba kwa masharti ya kawaida. Siku hiyohiyo alikwenda ofisini kwa paroko kuandikisha nia ya Misa kwa ajili ya baba yake.

Mwandiko: nani amesaini?

Turudi kwa Paulo na mwandiko wake. Swali la kwanza mbele ya sala yoyote mpya ni hili: nani anasimama nyuma yake?

Sheria ya Kanisa inatusaidia. Kanoni ya 826 inasema vitabu vya sala, viwe vya matumizi ya hadhara au ya faragha, visichapwe bila ruhusa ya askofu wa mahali. Ndiyo maana ukifungua kurasa za mwanzo za kitabu kizuri cha sala unakuta maneno ya Kilatini *Nihil obstat* na *Imprimatur*, jina la askofu, mahali na tarehe. Maana yake ni kwamba kuna mtu amekisoma, akakikuta hakina kinachopinga imani na maadili, na amekubali jina lake liwekwe hapo. Huo ndio mwandiko.

Lakini uwe mwangalifu, kwa sababu hata mwandiko unaweza kuigizwa. Utakutana na kurasa zinazosema kwamba tangu Papa Paulo VI, mwaka 1966, ujumbe wa watu wanaodai kutokewa unaweza kusambazwa bila kibali chochote. Kweli mwaka huo Papa alifuta kanoni mbili za Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1917. Ila mwaka 1996 Roma ilieleza wazi kwamba tafsiri hiyo haina msingi, na kwamba wajibu wa kutosambaza maandishi yanayohatarisha imani na maadili haukufutwa kamwe. Kwa hiyo ukiona mtu anajitetea mapema hivyo kabla hata hujamuuliza, ongeza umakini.

Swali la pili: jina lililowekwa chini ya sala ni la kweli? Mfano mzuri ni ile sala maarufu ya kuomba kuwa chombo cha amani, inayoitwa sala ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Fransisko alifariki mwaka 1226. Sala hiyo haimo katika maandishi yake. Mahali pa kwanza inapojulikana kuchapwa ni Paris, mwaka 1912, katika gazeti dogo la Kifaransa liitwalo *La Clochette*, tena bila jina la mtunzi. Je, tuache kuisali? Hapana! Maneno yake yanakubaliana kabisa na Injili, na Kanisa linaisali kila mahali. Tunajifunza kutenganisha mambo mawili: imetoka wapi, na inasema nini. Sala isiyo na mtunzi maarufu inaweza kuwa nzuri. Na jina la mtakatifu likibandikwa juu ya mafundisho mabaya, haliyafanyi kuwa mazuri.

Swali la tatu: ni ya lini? Bado zinasambaa sala zinazoahidi "rehema ya siku 300" au "miaka 7". Papa Paulo VI alirekebisha mambo ya rehema tarehe 1 Januari 1967, na tangu hapo rehema isiyo kamili haitajwi tena kwa hesabu ya siku wala miaka. Ukikuta hesabu hizo, ujue aliyeweka ujumbe amenakili kitu cha zamani bila kuangalia. Huenda hakuwa na nia mbaya. Lakini kama hakuangalia hilo, ameangalia nini kingine?

Na siku hizi kuna swali la nne: huyu ninayemwona na kumsikia ni mtu kweli? Mwaka 2023 picha ya Papa Fransisko amevaa koti kubwa jeupe la kisasa ilizunguka dunia nzima, na ilikuwa imetengenezwa kwa akili mnemba. Hiyo tulicheka, maana koti halimkoseshi mtu wokovu. Ila tangu Papa Leo XIV achaguliwe Mei 2025, zimezagaa pia video na sauti za kubuni zinazomwekea maneno mdomoni. Hapo kucheka kunaisha. Baba Mtakatifu akisema jambo la uzito, litakuwepo kwenye tovuti ya Vatikani na litatangazwa na Vatican News, ambayo ina idhaa ya Kiswahili. Kama lipo kwenye klipu ya sekunde 40 tu na hulipati kwingine, liache hapohapo.

Mapokeo: je, linakubaliana na tuliyofundishwa?

Hatua ya pili ya Paulo ni kurudi kwenye mafundisho. Hapa nitataja mambo matatu ambayo vijana wananiuliza mara nyingi.

La kwanza ni majina ya malaika walinzi. Kuna video zinazokupa jina la malaika wako kwa kuangalia tarehe yako ya kuzaliwa. Mwongozo wa Kanisa kuhusu ibada za watu na liturujia, uliotolewa mwaka 2001, unasema katika namba 217 kwamba desturi ya kuwapa malaika majina haifai, isipokuwa Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli, kwa kuwa hayo yamo katika Maandiko Matakatifu. Malaika wako mlinzi yupo, anakupenda, anamtazama Mungu. Huhitaji jina lake ili umwombe. Na kumtafuta kwa tarehe ya kuzaliwa ni unajimu uliovalishwa kanzu ya kanisani.

La pili ni sala za kupunga pepo. Kijana anaota ndoto mbaya siku tatu, anaingia mtandaoni, anapakua "sala kali za kufukuza mashetani", anazisoma chumbani usiku wa manane peke yake. Kanoni ya 1172 inasema hakuna anayeweza kufanya upungaji pepo kwa mtu aliyepagawa bila ruhusa maalumu ya askofu wa mahali, na ruhusa hiyo anapewa padre mwenye uchaji, elimu, busara na maisha safi. Tarehe 29 Septemba 1985, Kardinali Ratzinger, ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto XVI, aliwaandikia maaskofu akikumbusha kwamba waamini hawaruhusiwi kutumia ile fomula ya upungaji iliyotolewa kwa amri ya Papa Leo XIII. Usichanganye fomula hiyo ndefu na sala fupi kwa Mtakatifu Mikaeli. Hii fupi isali, hata Papa Yohane Paulo II aliwahimiza waamini kuisali mwaka 1994. Barua hiyohiyo ya 1985 inawatia moyo waamini kuendelea kuomba kuokolewa na yule mwovu, kama Bwana alivyotufundisha. Kumbe Baba Yetu unayoijua tangu utotoni tayari ina ombi hilo. Ungama, pokea Ekaristi, sali Baba Yetu taratibu ukielewa unachoomba. Na kama shida inaendelea, mwone padre. Inawezekana pia unahitaji daktari, na si aibu.

La tatu ni kufunga, na hapa nazungumza kwa uzito. Kanisa linatudai kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye umri wa miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wa 60. Mfungo huo ni mlo mmoja kamili, na chakula kidogo mara mbili kinaruhusiwa. Mgonjwa hadaiwi. Unaweza kufunga zaidi ya hapo kwa hiari na kwa ushauri wa padre anayekuongoza. Lakini mtandaoni utakuta watu wanaoamuru "siku tatu kavu, bila maji", "siku saba kuvunja laana ya ukoo", na kadhalika. Nani amewatuma?

Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wa kundi moja la kidini. Wengi walikufa kwa njaa, wakiwa wamefundishwa kwamba kufunga hadi kufa kutawakutanisha na Yesu. Walikuwamo watoto. Mahubiri ya kundi hilo yalikuwa yamesambazwa pia kwa televisheni na mtandao. Na usiseme "hao si Wakatoliki". Tarehe 17 Machi 2000, kule Kanungu, Uganda, mamia ya watu waliteketea kwa moto ndani ya nyumba yao ya sala. Viongozi wa kundi lile walitoka katika Kanisa letu, walidai kupata ujumbe kutoka kwa Bikira Maria, na kati yao alikuwamo hata padre aliyekwisha kutengana na Kanisa. Wafuasi wao walikuwa na rozari mikononi. Walipenda kusali kama wewe. Walichokosa ni mtu wa kuwauliza: ujumbe huu, nani ameupima?

Mtakatifu Thoma wa Akwino anaeleza kwamba imani yetu inategemea ufunuo waliopewa mitume na manabii, na haitegemei ufunuo mwingine uliodaiwa kutolewa kwa walimu wa baadaye. Katekisimu, namba 67, inafuata njia hiyohiyo: ufunuo wa binafsi, hata ule uliokubaliwa na Kanisa, unatusaidia kuuishi Ufunuo wa Kristo katika kipindi fulani, lakini hauwezi kuuzidi wala kuusahihisha. Kwa hiyo ujumbe wowote unaoongeza amri ya kumi na moja umeshajihukumu wenyewe.

Utulivu: Kanisa haliendi mbio

Ujumbe wa uongo una haraka. "Tuma kwa watu 12 kabla ya saa sita usiku." "Usipotuma utapata msiba." Roho Mtakatifu hatishii mtu kwa kaunta ya dakika.

Linganisha na mwendo wa Kanisa. Ibada ya Huruma ya Mungu unaipenda, nami naipenda. Mtakatifu Faustina alifariki mwaka 1938. Mwaka 1959 Roma ilizuia kusambazwa kwa picha na maandishi yanayoieneza ibada hiyo kadiri ya mafunuo yake. Katazo lile liliondolewa tarehe 15 Aprili 1978, na Roma ikaeleza sababu: nyaraka nyingi za asili, ambazo mwaka 1959 hazikuwa zimejulikana, sasa zilikuwa mikononi. Umeona? Suala zima lilikuwa vyanzo! Na wakati wa kungoja wapenzi wa ibada hiyo hawakulipiga mawe Kanisa. Tarehe 30 Aprili 2000 Faustina akatangazwa mtakatifu. Lililo la Mungu halioshwi na mvua ya miaka 19.

Karibu zaidi na sisi kuna Kibeho, Rwanda. Bikira Maria alianza kumtokea mwanafunzi wa sekondari, Alphonsine Mumureke, tarehe 28 Novemba 1981. Askofu Augustin Misago wa Gikongoro alitoa tamko la kuyatambua matokeo hayo tarehe 29 Juni 2001, karibu miaka 20 baadaye. Na waliodai kutokewa walikuwa wengi, lakini askofu aliwatambua watatu tu: Alphonsine, Nathalie Mukamazimpaka na Marie Claire Mukangango. Kwa hiyo hata pale penye kweli, wamo wanaojiunga na msafara. Ndiyo sababu haitoshi mtu kukuambia "huyu naye ni wa Kibeho".

Tangu Mei 2024 Kanisa lina kanuni mpya za kupima matukio ya namna hii. Kuna maamuzi sita yanayoweza kutolewa, kuanzia *nihil obstat*, yaani hakuna kizuizi, hadi tamko kwamba tukio si la kimungu. Kwa hiyo unaposikia habari za mahali fulani, swali lako liwe: askofu wa mahali hapo ameamua nini? Kama bado anachunguza, na wewe subiri. Hutakosa wokovu kwa kusubiri. Rozari, Misa na Injili unavyo tayari.

Usikubali siri

Alama moja zaidi. Mtakatifu Ignasi wa Loyola, katika kanuni zake za kupambanua roho, anamfananisha adui na mwanamume laghai anayemrubuni msichana wa watu: hofu yake kubwa ni binti asije akamwambia baba yake. Akijulikana tu, mpango umekwisha.

Kwa hiyo ukikutana na mwalimu wa kiroho mtandaoni anayekwambia, "Usimwambie paroko wako, hatakuelewa," au "mapadre wanaficha sala hii," au anayekuomba namba yako pembeni kisha inafuata "sadaka ya mbegu" kwa simu, hapo huhitaji shahada ya teolojia. Funga. Kitu cha Mungu hakiogopi kuonyeshwa mchana, mbele ya jumuiya.

Sasa tufanyeje?

Nakuomba wiki hii ufanye kazi ndogo. Chukua sala moja uliyopokea kwa simu, ile unayoipenda zaidi kuliko zote. Iandike kwenye karatasi, kisha jiulize:

1. Nani ameitunga au kuithibitisha, na je, jina hilo linapatikana kwenye kitabu chenye kibali cha askofu?
2. Inakubaliana na Injili na Katekisimu, au inaleta amri, hesabu na vitisho vipya?
3. Inanipeleka wapi? Kwenye Misa, kitubio, upendo kwa jirani na amani, au kwenye hofu na kujifungia?
4. Naweza kuisoma kwa sauti mbele ya paroko wangu bila kuona haya?

Usipopata jibu, mpelekee katekista, mlezi wa vijana au padre. Na mpaka upate jibu, usiifowadi. Kumbuka kwamba kwa aliyepokea kutoka kwako, wewe ndiye chanzo. Mdogo wako wa Kipaimara hatasema "niliona mtandaoni". Atasema, "Nilitumiwa na dada," na kwa sababu anakuamini, ataamini na hiyo sala. Jina lako limekuwa mwandiko. Je, uko tayari kusaini?

Na tusiwe wepesi wa kuwacheka wazee wetu wanaotumiana sala hizi kila asubuhi. Bibi akikutumia ujumbe wa namna hiyo, usimjibu kwa ukali grupuni mbele ya ukoo mzima. Mpigie. Msalimie, "Shikamoo bibi." Mshukuru kwa kukuombea, kisha umweleze polepole, halafu mwombe msali pamoja kumi moja la rozari hapohapo kwenye simu. Ukweli usio na upendo haujengi.

Paulo hakuwaacha Wathesalonike kwenye mashaka. Aliwatakia amani kutoka kwa Bwana wa amani, kisha akaandika salamu kwa mkono wake. Kanisa nalo, pamoja na udhaifu wa watu wake, linaendelea kutuandikia kwa mkono linaoujua: Maandiko, Mapokeo, Sakramenti. Tuujue mwandiko huo kwa kuusoma kila siku, na wa bandia tutautambua wenyewe.

Tusali. Ee Roho Mtakatifu, wewe uliyemwongoza Luka kutafuta kwa makini, utupe macho ya kutambua na moyo wa kungoja. Utukinge na maneno yanayojifanya kuwa yako. Uwafariji waliotishwa na ahadi za uongo, na uwarudishe nyumbani kwa Baba asiyehesabu usingizi wetu. Mama Maria, uliyeyaweka mambo yote moyoni ukiyatafakari, utuombee. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.